Siku niliyoshika mlango wa daladala

Miaka minne ya sekondari nilikuwa mtu wa kusukumwa. Shule ilikuwa ya kutwa, nyumbani Mbagala, Dar es Salaam, na kila alfajiri pale kituo cha Zakhem nilikuwa naangalia mkono wa konda kabla hajafungua mdomo. Ukishauona umelala mlangoni kama komeo, ujue wanafunzi hampandi. Niliwachukia makonda. Wote.

Januari 2014, nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado, jirani yetu dereva akanigongea dirisha saa kumi alfajiri. Konda wake alikuwa anaumwa.

"Dogo, amka. Wewe hesabu unaijua. Leo utakuwa deiwaka wangu."

Gari lilikuwa Coaster, Rangi Tatu huko huko Mbagala kwenda Kariakoo, mjini. Kabla hajawasha injini aliniambia jambo moja tu: tajiri, yaani mwenye gari, anataka elfu tisini jioni. Inyeshe mvua, ikae foleni, tairi lipasuke, hesabu ni elfu tisini. Dizeli juu yetu, kama elfu mbili kwa lita wakati ule. Kinachobaki baada ya hapo ndicho tunachogawana. Kisipobaki kitu, tunalala hivyo hivyo, maana hakuna mwenye mshahara kwenye lile gari.

Tripu ya kwanza nilipakia wanafunzi bila kuhesabu. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Kila nilipoona shati jeupe nilishuka ngazi kabisa kuwapisha wapande. Dereva hakusema neno mpaka Kariakoo. Pale akamwaga sarafu juu ya boneti, zile za mia mbili zenye Karume upande mmoja na simba wawili upande wa pili, akazitenga kwa kidole.

"Kumi na wanne," akasema. "Umeacha elfu mbili na mia nane barabarani."

Mwaka uliotangulia SUMATRA, mamlaka ya usafiri wakati ule, ilikuwa imepandisha nauli: mtu mzima mia nne, mwanafunzi mia mbili. Hayo nilikuwa nayajua tangu nikiwa abiria. Nilichokuwa sijakijua nilikiona tulipogeuza. Tulirudi Mbagala na watu tisa. Tisa, kwenye gari ambalo nusu saa nyuma watu walikuwa wananing'inia mlangoni! Asubuhi mji wote unakwenda upande mmoja na jioni unarudi upande mmoja, kwa hiyo gari linakula mafuta ya njia mbili na kulipwa ya njia moja. Sehemu kubwa ya pesa ya siku inatoka kwenye tripu nne au tano, na mwanafunzi anasafiri kwenye tripu hizo hizo. Saa tano mchana ningempokea kwa mikono miwili, maana kiti kitupu hakilipi hata mia. Lakini saa tano yeye yuko darasani.

Nauli ya mwanafunzi wakati ule ilikuwa nusu. Hesabu ya tajiri haikupungua kwa ajili yake, wala dizeli. Hakuna aliyemrudishia mtu ile nusu nyingine. Mpaka leo naamini mtoto wa shule ana haki ya kulipa pungufu, na inaniuma kwamba haki hiyo tumeiacha itoke mfukoni mwa watu wawili, dereva na konda, halafu tunashangaa wanapomsukuma.

Tripu ya pili ya kwenda mjini, Zakhem, kituo changu. Msichana wa shule ya msingi alikuwa amekumbatia fagio jipya la chelewa, kidumu cha maji mkono wa pili.

"Kaka, naomba nipande. Nachelewa namba."

Mkono wangu ulikuwa umeshalala mlangoni. Sikumbuki niliuweka saa ngapi. Nikamwambia maneno niliyoambiwa mimi miaka minne, kwamba gari la nyuma hilo linakuja, tupu. Ncha za fagio zilinikwaruza goti alipojaribu kupita chini ya kwapa langu. Niligonga bati mara mbili, gari likaondoka.

Alasiri foleni ya Kwa Azizi Ali ilitulia mpaka tukapoteza tripu nzima. Usiku tulihesabu kwa mwanga wa simu: laki moja na elfu themanini na tisa. Hesabu tisini, mafuta sabini na sita, wapiga debe na muuza chenji sita, kuosha gari tatu. Zikabaki elfu kumi na nne. Yeye tisa, mimi tano.

"Kesho unakuja?"

"Nakuja. Lakini asubuhi nipakie wanafunzi watano kila tripu, pengo lao unikate mimi."

Alinitazama kwa muda. "Watatu."

"Watano, kaka."

"Wanne. Na nakukata kweli."

Kesho yake alinikata kweli, mia nane kila tripu ya kwenda mjini, na sikulalamika. Pale Zakhem nilishuka chini kabisa nikaangaza macho kwenye lile kundi la mashati meupe nikitafuta fagio. Walikuwa kama ishirini. Nikahesabu wanne kwa kuwagusa mabega, mmoja mmoja, wakapanda. Msichana yule hakuwemo. Wa tano alikuwa mvulana mdogo, ameshakanyaga ngazi, na ilibidi nimshushe.