Minong'ono ya Dawati la Nyuma

Mwaka ule nilikuwa nakusanya data za tasnifu yangu ya uzamili, na mada niliyoichagua ilionekana ndogo kuliko za wenzangu: nani anazungumza katika kipindi cha Kiingereza, anazungumza kwa muda gani, na nini kinamzuia yule anayenyamaza. Wenzangu walishika mitaala, vitabu vya kiada na matokeo ya mitihani. Mimi nilitaka kukaa darasani. Niliamini, na mpaka leo naamini, kwamba mtu hajifunzi lugha kwa kuisikiliza tu. Merrill Swain, aliyefuatilia watoto wa Kanada waliokuwa wakisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa, alieleza mwaka 1985 jinsi watoto hao, baada ya miaka mingi ya kuisikia lugha darasani, walivyoielewa vizuri sana huku kuizungumza na kuiandika kwao kukiwa bado na mapengo ya sarufi. Hoja yake iliniingia: mwanafunzi anapolazimika kutunga sentensi yake mwenyewe ndipo anapogundua kile asichokijua. Sasa kama hapati nafasi ya kutunga, atagunduaje?

Kifaa changu kikuu kilikuwa fomu ya Ned Flanders, Mmarekani aliyebuni njia ya kuyahesabu mazungumzo ya darasani. Kila sekunde tatu mtafiti anaandika namba moja, kuanzia 1 hadi 10, kulingana na kinachotokea wakati huo. Namba saba za mwanzo zote ni za mwalimu: anapokea hisia za wanafunzi, anasifu, anatumia wazo la mwanafunzi, anauliza, anaeleza, anaagiza, anakosoa. Mbili ni za mwanafunzi: anajibu, au anaanzisha hoja mwenyewe. Iliyobaki, namba 10, ni ya ukimya au mkanganyiko, yaani pale ambapo mwangalizi hawezi kufuatilia nani anasema nini. Kipindi cha dakika 40 kinakuachia namba 800 kwenye karatasi. Ni kazi inayochosha mkono na macho, lakini niliipenda kwa sababu inamlazimisha mtu aangalie darasa lilivyo badala ya kukumbuka lilivyomvutia.

Flanders mwenyewe alikuwa ameshasema kwamba katika madarasa mengi, karibu theluthi mbili ya muda kuna mtu anazungumza, na theluthi mbili ya mazungumzo hayo ni ya mwalimu. Nilitarajia kukuta kitu cha namna hiyo, na nilikikuta. Siku ninayotaka kuisimulia ilinipa kingine.

Mwalimu aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima, mwenye miaka mingi kazini, anayejua kila mwanafunzi wake kwa jina ingawa walikuwa zaidi ya hamsini. Watafiti huwa wanaogopwa shuleni, wanaonekana kama wakaguzi waliobadilisha nguo. Yeye hakuniogopa. Alisoma fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, akauliza sauti za watoto zitahifadhiwa wapi na nani atazisikia, akasaini, kisha akaniambia, "Mwanangu, kaa unapotaka. Ila ukiona jambo, niambie mimi kwanza kabla hujaliandika." Nikamwahidi. Uongozi wa shule na wazazi walikuwa wamesharidhia, na nilikuwa nimehudhuria vipindi vyake kwa muda kabla ya kurekodi chochote, ili wanafunzi wanizoee. Darasa linapoangaliwa na mgeni hubadilika. Mwanaisimu William Labov alilieleza vizuri tatizo hili, kwamba tunataka kujua watu wanazungumzaje wasipoangaliwa, na njia pekee ya kujua ni kuwaangalia.

Nilikuwa na vinasa sauti viwili. Kimoja nilikiweka kwenye meza ya mwalimu, kama kawaida. Cha pili nilikuwa nacho kama akiba, lakini nilikuwa nimesoma kazi za Graham Nuthall wa New Zealand, aliyewavalisha wanafunzi maikrofoni ndogo, na za Amy Snyder Ohta, aliyefanya vivyo hivyo kwa watu wazima waliojifunza Kijapani. Wote wawili walisikia mambo ambayo mtu aliyekaa pembeni na kalamu hawezi kuyasikia. Maikrofoni za darasa zima sikuwa nazo. Basi nikakichukua kile cha akiba, nikakipeleka kwenye dawati la nyuma walipokaa wasichana watatu, nikawauliza kama wanakubali. Walitazamana, wakacheka, wakakubali. Kufikia katikati ya kipindi daftari la mmoja wao lilikuwa limekifunika nusu.

Kipindi chenyewe kilikuwa kizuri. Wanafunzi walisoma hadithi fupi ya mama aliyebaki nyumbani wakati familia nzima imesafiri, kisha mwalimu akaanza maswali. Mikono ya mbele ilikuwa juu kabla swali halijaisha, "Madamu! Madamu!", na yeye alichagua, akajibiwa, akasifu, akaendelea. Ule mwendo wa hatua tatu ambao wanaisimu Sinclair na Coulthard waliuchambua mwaka 1975: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatathmini, na gurudumu linazunguka tena. Darasa lilichangamka. Mkaguzi yeyote angetoka ameridhika. Nami niliandika namba zangu: 4, 8, 2, 4, 8, 2.

Mchana tulikaa wawili kwenye kona ya chumba cha walimu, kila mmoja na spika moja ya sikioni. Tulianza na kinasa cha mezani. Nilikuwa na saa ya kupimia sekunde, na nilimwomba tupime muda kati ya mwisho wa swali lake na tukio linalofuata, liwe ni jina analoita, swali analolirudia au jibu analolitoa mwenyewe. Mary Budd Rowe alikuwa amefanya hivyo miaka ya 1970 katika vipindi vya sayansi huko Marekani, akakuta walimu kwa kawaida wanasubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi waliokaa kimya wakapungua, na waliokuwa wakihesabiwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Watu wengi huishia hapo wanapomtaja Rowe, wakati alipima na kusubiri kwa pili, kule kunakokuja baada ya mwanafunzi kujibu, kabla mwalimu hajasema lolote. Kwangu mimi huko ndiko kwenye utajiri zaidi, maana mwanafunzi asipokatizwa mara nyingi huongeza sentensi ya pili, na sentensi ya pili ndiyo yenye "kwa sababu".

Kwenye rekodi yetu, mara nyingi saa haikufika hata sekunde moja. Mwalimu alisikiliza maswali kadhaa bila kusema neno, halafu akatoa spika sikioni. "Nakimbia hivi?" akauliza. Nikamwambia kwamba walimu wengi duniani wanakimbia hivyo, na kwamba siyo uvivu wala ubaya. Darasa la watu hamsini likinyamaza, mwalimu huhisi limemponyoka.

Ndipo tukaweka kinasa cha pili.

Mwanzoni ilikuwa mikwaruzo ya kalamu, kurasa zikifunuliwa, kikohozi. Kisha sauti ya mwalimu kwa mbali, ikiuliza kwa nini mama yule hakusafiri na wenzake. Na papo hapo, karibu kabisa na kinasa, mnong'ono: "Because she wait..." Ukakatika. "Because she waited..." Nyuma yake tulisikia mvulana wa mbele akijibu kwa nguvu, "Because of her son!", mwalimu akasema vizuri, darasa likapewa swali jingine. Mnong'ono ulikuwa haujaacha. Msichana wa pembeni akamsahihisha, akamwambia aseme "is waiting". Yeye akatulia kidogo, kisha akasema polepole, kama mtu anayepanga vyombo kabatini: "Because she was waiting for her son."

Turudishe nyuma, mwalimu akasema. Tukarudisha. Tukarudisha tena.

Nataka nieleze kwa nini jambo hili lilinishika, maana kwa haraka linaonekana ni mtoto mmoja na sentensi moja. Jibu lililosifiwa lilikuwa maneno manne, halina kitenzi. Jibu lililopotea lilikuwa sentensi kamili yenye njeo sahihi, na tulimsikia mwenyewe akiijenga: kakosea, kajirekebisha, kapewa marekebisho yenye kosa na jirani yake, kayakataa. Nuthall aliandika kwamba sehemu kubwa ya marekebisho wanayopata wanafunzi darasani hutoka kwa wenzao, na mengi huwa si sahihi. Hapa tulikuwa na mfano hai, na mtoto aliyekuwa na uwezo wa kupima na kuchagua. Kujifunza kwenyewe, kile ambacho vitabu vyote vya mbinu za kufundisha vinakitafuta, kulitokea kwa sauti isiyofika dawati la tatu.

Nikachukua fomu yangu nikatafuta sekunde zile. Pale mnong'ono ulipotokea nilikuwa nimeandika 4, 8, 2, 4. Hapakuwa na namba ya msichana yule. Na hata kama mwalimu angenyamaza, ningeandika 10, namba ileile ninayoiandika darasa linapokuwa na fujo. Fomu iliyobuniwa kwa uangalifu mkubwa inaweka kapu moja kwa mtoto anayefikiri na darasa lililovurugika. Nilimheshimu Flanders, bado namheshimu, lakini tangu siku hiyo kila ninapoona utafiti unaotaja "ukimya wa wanafunzi" kama dalili ya kutojua au kutojali, nauliza kwanza walikaa wapi waliousikiliza ukimya huo.

Mwalimu alimwita msichana, kwa upole, akamwambia amesikia jibu lake na limempendeza. Mtoto akainamisha kichwa. Alipoulizwa kwa nini hakunyosha mkono, alisema jambo ambalo nililinukuu hivyohivyo kwenye tasnifu: "Madamu, nikimaliza kulipanga, mwenzangu ameshajibu." Baadaye kidogo akaongeza kwamba hata akiwahi, anaogopa kukosea mbele ya watu. Hofu hiyo ina historia yake katika utafiti. Elaine Horwitz na wenzake waliitengenezea dodoso la kauli 33 mwaka 1986, wakiitenganisha na woga wa kawaida, kwa sababu mtu anayejieleza kwa lugha asiyoimudu huonekana mdogo kuliko alivyo. Ila kwa msichana huyu hofu ilikuwa sababu ya pili. Ya kwanza ilikuwa saa. Dodoso kama hilo lingempata kama mwenye hofu, likaishia hapo, na tungekuja na ushauri wa kumjengea kujiamini wakati alichokuwa anahitaji ni sekunde chache.

Kipindi kilichofuata mwalimu aliamua kujaribu mwenyewe, bila mimi kumwomba. Aliuliza, akashusha mikono ya mbele kwa ishara, akasubiri. Mvulana mmoja hakuvumilia: "Madamu, mimi najua!" Akamjibu, "Najua unajua. Nawasubiri na wengine." Mara nyingine aliwaambia wamwambie jirani jibu kwanza, kisha wamwambie yeye. Alianza pia kuuliza baadhi ya maswali ambayo hata yeye hakuwa na jibu lake, aina ambayo Michael Long na Charlene Sato walionyesha mwaka 1983 kuwa ni adimu darasani ingawa ndiyo tunayoulizana kila siku nje ya darasa. Msichana wetu hakunyosha mkono siku hiyo. Walionyosha ni wawili wa safu ya katikati ambao sikuwahi kuwaandikia namba 8 hata mara moja. Yeye alimwambia jirani yake jibu zima kwa sauti ya kawaida, na safari hii jirani ndiye aliyeuliza kwa nini ni "was".

Mwalimu alitaka awasikilizishe wenzake wa idara ile rekodi. Sikuweza kumpa, kwa sababu ridhaa ya wazazi haikuruhusu sauti zitoke mikononi mwangu. Nilimwandikia maandishi yake bila majina, na aliwasomea walimu wa Kiingereza kikaoni, akisoma mwenyewe sehemu ya mnong'ono kwa sauti ya chini ileile. Mjadala ulikuwa mkali. Mwalimu mmoja akasema anaelewa yote hayo, lakini silabasi ni ndefu, mtihani hausubiri, na akinyamaza baada ya kila swali hatamaliza mada hata moja. Ilikuwa hoja ya haki, na hakuna aliyeicheka.

Mama akavaa miwani yake, akaniomba idadi ya maswali aliyoyauliza katika kipindi kile. Yalikuwa kama sitini. Akazidisha kwa sekunde mbili za ziada, pembeni mwa karatasi ya ajenda, akawasogezea wenzake waone: sekunde 120. "Ni dakika mbili katika arobaini," akasema, "na mimi nitazitoa." Kisha akamgeukia yule mwalimu mwenzake akamwuliza kama angependa mimi nikae darasani kwake wiki inayofuata.