Mitokondria za bibi

Jana umeme ulikatika saa moja jioni, kama kawaida yake. Mtoto wa dada yangu ana mtihani wa biolojia, akanifuata jikoni nikikaanga sambaza, wale samaki wadogo, tukawa tunasoma kwa tochi ya simu. "Mama mdogo, hapa wameandika mitokondria, kile kijisehemu cha kuipa seli nguvu, ina DNA yake. Kwani si sehemu ya seli?"

Nikamwambia huyo ni mgeni aliyepewa jembe siku ya tatu, asirudi kwao tena. Miaka kama bilioni 2 iliyopita bakteria iliingia ndani ya kijidudu cha jamii ya akea, viumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria lakini si bakteria. Ilimezwa ama ilijipenyeza, wataalamu wangali wanabishana. Haikufa. Ikawa inatumia oksijeni na kumpa mwenye nyumba nguvu. Jeni zake nyingi zikapotea au zikahamia kwenye kiini cha seli. Kwa binadamu zimebaki 37. Lynn Margulis, mwanabiolojia aliyelitetea wazo hilo, alikataliwa na majarida zaidi ya kumi kabla makala yake haijatoka 1967, na leo mtoto wa Goma anayakariri hayo ili apate pointi!

Mimi kilichoninyima usingizi ni ziwa letu, Kivu. Mwaka 1998 wanabiolojia Martin na Müller walisema ujirani ule ulianza kwa njaa: bakteria ilitoa hidrojeni kama taka, akea akaila, akatoa methani, gesi inayowaka. Tangu 2015, walipogunduliwa akea wa Asgard kwenye tope la bahari kati ya Greenland na Norway, jamaa zetu wa karibu kuliko akea wengine wote, nani alimlisha nani kumezua ubishi mpya. Lakini huku chini ya Kivu, kwenye maji yasiyofikiwa na oksijeni, akea wa kutengeneza methani wako kazini hadi usiku huu. Gesi hiyo nimeiogopa tangu utotoni. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna anayeipika.

Kijana hakujali ziwa. Alitaka kujua mitokondria zake katoa wapi.

"Kwa mama yako. Naye kwa bibi yako, kama mimi. Za baba hazibaki."

"Basi mimi na wewe tuna zilezile?"

"Zilezile."

"Na watoto wangu?"

"Watachukua za mama yao."

Akanyamaza kidogo, kisha akanyoosha mkono kwenye sahani: "Basi hizi za bibi acha zile vizuri zikiwa kwangu."

Mbabula, jiko letu la mkaa, ilikuwa inazimika. Nikaipepea kwa kifuniko cha sufuria.