Ukucha Uliogeuka Mweupe

Jana jioni kitinda mimba wangu alirudi na kazi ya shule: picha ya mtu, mistari mitupu, mara moja kwa mbele na mara moja kwa nyuma, hana uso wala nguo. Alitakiwa aandike majina ya viungo. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, anaandika "kiwiko" huku ulimi umemtoka pembeni, akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Mama, huyu mtu anaumwa wapi?"

Nikamwambia haumwi popote, ni picha tu. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshapanda wenyewe begani.

Picha kama ile hata mimi niliwahi kupewa. Ule mwaka nimeshausimulia vya kutosha, kwa hiyo hapa nitaukimbiza. Maumivu yalianza begani nikadhani ni mto. Yakashuka kwenye nyonga, yakaingia magotini, mwisho hata mkanda wa begi ukinigusa shingoni natamani kulia. Nalala kwa muda wa saa nane nzima, naamka kama mtu aliyekuwa akisomba mawe usiku kucha. Namwita mwanangu kwa jina la dada yake, nasimama katikati ya chumba sijui nimefuata nini. Nikapimwa. Wingi wa damu, kasi ya damu kutuama, baridi yabisi, lupasi, tezi ya shingo, vitamini D, misuli, eksirei ya mgongo na ya nyonga. Kila nikirudi kuchukua majibu, wimbo ni ule ule: "Hamna kitu, mama. Uko mzima."

Nisiwafiche, neno "mzima" lilianza kuniuma kuliko mgongo. Mmoja aliniambia nipunguze mawazo, mwingine akaniuliza kama nyumbani kuna amani. Nikafika mahali pa kuomba, Mungu anisamehe, kipimo kimoja tu kitoke kibaya. Nyumbani nikaacha kusema naumwa. Ukiulizwa "wapi?" na jibu lako ni "kila mahali", unaona kabisa namna macho ya mtu yanavyokukimbia.

Usiku mmoja, nikihangaika na simu kwa kukosa usingizi, nilikutana na neno fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima na uchovu usioisha. Nilisoma mpaka alfajiri. Nikaliandika kwenye kikaratasi, nikakikunja mara nne, nikakitia kwenye mfuko wa ndani wa mkoba. Sikumwonyesha mtu. Niliogopa kuambiwa nimejipa ugonjwa wa kwenye mtandao.

Daktari bingwa wa maradhi ya viungo niliyepelekwa mwisho alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Faili langu alilifungua, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, kisha akalifunga na kulisogeza pembeni.

"Haya nimeyaona," akasema. "Sasa nionyeshe wewe."

Akanipa kalamu na karatasi yenye yule mtu asiye na uso. Nitie rangi kila palipouma kwa wiki moja iliyopita. Nilianza kwa woga, vidoti vidogo kama mtu anayeiba. Begani kimoja. Nyongani kimoja. Nikamtazama, hakuwa ananitazama, alikuwa anaandika mambo yake. Ndipo mkono ukafunguka. Nikapaka shingo, nikapaka mgongo wa juu na wa chini, mapaja, mikono, taya. Niliporudi begani nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika.

Akahesabu. Orodha yake ina sehemu 19 za mwili, mimi nilikuwa na 14. Akauliza uchovu, akauliza kama naamka nimepumzika, akauliza kusahau, kila kimoja anakipa alama kuanzia 0 hadi 3. Akauliza kichwa, tumbo, huzuni. Na imeanza lini? Maana isipodumu miezi mitatu hawaihesabu. Nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Yangu ilikuwa na miezi kumi na tisa.

Kisha akanawa mikono, akaja kusimama nyuma yangu.

"Zamani, kwa utaratibu wa 1990, tulibonyeza sehemu 18, na mtu akiumia kwenye 11 tunasema ndiyo," akaniambia. "Tangu 2010 si lazima tena. Lakini mimi nabonyeza. Uniambie panapouma, na pasipouma uniambie pia."

Kidole gumba chake kilikuwa cha baridi kwa sababu ya maji. Akaanza kisogoni, pale fuvu linapokutana na shingo. Taratibu, anaongeza uzito kidogo kidogo, wala si kwa kushtukiza. Nikavuta pumzi. "Hapa?" Ndiyo. Akaja katikati ya bega. Ndiyo. Juu ya bapa la bega. Ndiyo, ndiyo. Akazunguka mbele, ubavu wa pili karibu na kidari, mahali ambapo sikujua kabisa kama nina maumivu mpaka alipopagusa, nikamshika mkono bila kutaka. Hakuuondoa. Alisubiri nikauachia mwenyewe.

Halafu akanibonyeza katikati ya paji la uso. Nikasubiri maumivu, hayakuja. Nilisikia kidole tu. Nikaogopa. Nilihisi nimeharibu, kwamba sasa atasema ndiyo hivyo, tumekukamata.

"Hapa hapaumi," nikasema, sauti ndogo.

"Vizuri. Ukweli ndio ninaoutaka."

Akainama kwenye goti, upande wa ndani. Hapo nilipiga kelele. Na yeye, badala ya kutoa mkono haraka, akaniambia, "Tazama." Nikatazama. Ukucha wa kidole gumba chake ulikuwa umegeuka mweupe, damu yote imekimbia, umebaki ukingo mwembamba tu wa waridi.

"Ukucha ukifika hapa ni kama kilo nne. Mtu mwingine ningembonyeza hivi angesema amebonyezwa, basi. Wewe umeumia. Hujifanyi."

Akaachia. Waridi likarudi polepole kwenye ukucha wake. Sijui kwa nini nililia wakati ule na si kabla.

Alinieleza akiwa bado amechuchumaa pale chini. Kwamba vile vipimo havikuwa kazi bure, kwa kuwa tezi ya shingo ikilegea, au baridi yabisi inapoanza, mtu anaweza kuumwa hivi hivi, lazima hayo yatafutwe kwanza. Kwamba fibromialjia yenyewe haionekani kwenye damu wala kwenye eksirei. Tatizo liko kwenye namna ubongo na uti wa mgongo vinavyopokea habari za mwili. "Fikiria mlinzi wa usiku aliyeshtushwa sana," akasema. "Sasa jani likianguka anapiga filimbi. Mwizi hayupo, lakini filimbi inapigwa kweli, na nyumba nzima haitalala."

Nikafungua mkoba, nikatoa kile kikaratasi. Mikunjo ilikuwa imeanza kutoboka. Akakikunjua, akasoma lile neno moja, akanitazama.

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina la kumtosheleza.

Nje, dada alikuwa ananisubiri kwenye benchi. "Wamesemaje?" Nikamwambia, "Wamesema naumwa." Akanikumbatia kwa uangalifu, kwa mkono mmoja, kwa sababu alishajua bega lipi asiliguse.

Yaliyofuata ni marefu na hayana mpangilio. Dawa ya amitriptilini kidogo usiku, ambayo ilinipa usingizi lakini asubuhi kinywa kikavu. Kutembea dakika tano kwa siku, kisha saba, kisha wiki nzima ya kushindwa, kisha tano tena. Tiba ya kuuondoa kabisa haipo, aliniambia wazi, na nilimshukuru kwa kutonidanganya. Usiku ule ule wa kupata jina niliumwa sawasawa na usiku uliotangulia. Ila nililala.

Sasa hivi ninachojiuliza ni hiki. Nilipumzishwa na lile jina, au na kile kidole? Kwa hesabu ya 2016 ya kuutambua ugonjwa huu, mtu anatakiwa awe na sehemu saba na alama tano za dalili nyingine, au sehemu nne hadi sita na alama tisa. Mimi nilizidi. Na yule aliyepaka sehemu tatu tu, naye haamki amechoka? Naye ana kikaratasi mkobani, naye anatoka nje kumwambia dada yake nini? Sina ugomvi na hesabu, lazima mstari uchorwe mahali. Lakini ninamfikiria sana huyo mtu.

"Mama! Sasa nisimtie rangi?"

"Mtie popote unapotaka."

Akafikiri. Akachagua penseli nyekundu, akaanza na goti la kushoto, lile aliloangukia juzi. Alipaka kwa nguvu, kidole kimekaza juu ya penseli, ukucha wake mdogo umekuwa mweupe kabisa, mpaka ncha ikakatika.