Video za mazingaombwe: nilivyojua ipi inifae

Mteja akileta simu yenye kioo kilichopasuka kwenye kibanda changu hapa Kondele, Kisumu, husubiri nusu saa au zaidi. Anasimama mbele ya shokesi akitazama mikono yangu, kwa kuwa hana kingine cha kutazama. Hapo ndipo nilipopata hamu ya kujifunza mazingaombwe. Sitaki yale ya jukwaani ya kumkata mtu vipande sandukuni. Nataka yale madogo ya sarafu na karata, ambayo mtazamaji yuko karibu kiasi cha kuweza kukushika mkono. Vidole vyangu vimezoea skurubu ndogo kuliko punje ya wimbi, kwa hiyo nilidhani nitashika upesi. Nilichelewa karibu mwaka mzima, na kilichonichelewesha ni video nilizokuwa nikichagua.

Ya kwanza niliilipia dola 15. Tangazo lake lilinivuta sana: kijana barabarani, karata inageuka kati ya vidole vyake, watu wanapiga mayowe. Nilipoifungua nikakuta mchezo unataka karata maalumu inayouzwa kando, na mafunzo yenyewe hayafiki dakika sita. Muda uliobaki ni mayowe yale yale. Tangu siku hiyo, kabla ya kutoa pesa au kumaliza bando, natafuta kwanza mahali mwalimu anapouonyesha mchezo wote bila kamera kukatwa. Ikikatwa hata mara moja kabla sarafu haijapotea, naiacha. Nataka pia sehemu ya pili iliyopigwa kutoka nyuma ya bega lake, nione mikono jinsi ninavyoona yangu. Anayefundisha akiwa amenielekea tu hunilazimisha kugeuza kulia na kushoto kichwani, na vidole hukosea.

Kwenye sarafu ndiko nilikoteseka zaidi. Walimu wengi wa Marekani hutumia nusu dola. Nilifanya mazoezi kwa shilingi 20 yetu mwezi mzima, nikijaribu kuificha katikati ya kiganja, ikibanwa na nyama ya chini ya kidole gumba upande mmoja na nyama ya upande wa kidole kidogo upande wa pili. Ilikuwa ikianguka, na nikiibana isianguke, mkono unakunjamana kama wenye tumbo la kuuma. Niliamini mkono wangu ndio mbaya. Jioni moja nikachukua rula ya mwanangu nikapima: shilingi 20 ina kipenyo cha milimita 26. Nikatafuta ya nusu dola: milimita 30.6. Tofauti hiyo ya milimita nne na ushei ndiyo iliyonitesa. Kiganja changu kilihitaji sarafu pana zaidi ili kibane kingo zake huku kimelegea.

Basi nikahamia kwenye mafunzo ya kuificha sarafu kwenye mikunjo ya vidole viwili vya kati, chini kabisa kuelekea kiganja. Hapo milimita 26 zinakaa vizuri, mkono unaning'inia bila kazi, hakuna anayeushuku. Mzee mmoja mteja wangu alinipa ile sarafu ya shilingi 40 iliyotolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ni kubwa kidogo kuliko ya 20, nayo naipenda kwa michezo ambayo mtu anatakiwa kuiona sarafu vizuri kabla haijapotea. Siku hizi mwalimu asiyetaja ukubwa wa sarafu yake wala kueleza inashikiliwa na nyama gani ya mkono, simalizi video yake.

Halafu kuna nguo na meza. Joto la hapa halimwachi mtu avae koti, na mimi ni wa mikono mifupi mwaka mzima, kwa hiyo mafunzo yote ya kuteremsha sarafu ndani ya mkono wa shati nimeyafuta. Nilimpenda sana Tony Slydini, mwanamazingaombwe mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi New York, ambaye alisifika kwa kuangusha vitu mapajani akiwa ameketi mezani bila mtu kuona. Nimezitazama rekodi zake za zamani mara nyingi. Lakini shokesi yangu ni ya kioo, juu na mbele. Kitu kikianguka mapajani, mteja anakiona kikishuka.

Kamera nayo ni jicho moja lisilosogea. Kibandani kwangu watu husimama mbele, kulia, na mmoja huegemea nguzo nyuma yangu akichaji simu. Kuna njia za kuinua karata mbili zikaonekana moja ambazo mbele ni safi kabisa, ilhali aliye ubavuni anaona unene wake. Kwa hiyo naitazama video nikijiuliza swali moja: huyu wa nguzo ataona nini? Mwalimu mzuri huligusa jambo hilo mwenyewe, anageuka pembeni na kukuonyesha mahali siri inapovuja. Hao ni wachache, na nikimpata mmoja natazama kazi zake zote.

Kasi niliacha kuihusudu baada ya kumwona kwenye video René Lavand, mwanamazingaombwe wa Argentina. Alizaliwa 1928, akapoteza mkono wa kulia akiwa na umri wa miaka tisa, akaishi kwa mazingaombwe ya karata kwa mkono wa kushoto pekee, polepole, akirudia kwa mwendo wa polepole zaidi. Nililia, sioni haya kusema. Tangu hapo mwalimu anayesema siri ni wepesi wa mkono simwamini. Namtafuta anayenieleza macho ya mtazamaji yako wapi wakati ule, na nimwulize nini ili anitazame usoni.

Jambo moja sikulipata kwenye video yoyote. Nilipotoa karata mara ya kwanza, mzee mmoja alirudi nyuma hatua mbili.

"Fundi, hii si pata potea?"

"Hapana mzee. Hakuna pesa ya mtu hapa, hata ya kwangu haitoki."

"Haya, endelea."

Watu wameibiwa sana na wale wa karata tatu, na nina wajibu wa kuliheshimu hilo. Mafunzo yote ambayo hadithi yake ni kubahatisha au kuweka dau nimeyaondoa, hata yakiwa mazuri namna gani. Ninapofanya mchezo wa saba ya kopa kupanda juu ya karata zingine kila nikiizika katikati, naisimulia kama mtu anayepanda matatu ya nyuma akawahi kufika kwa ile ya mbele.

Bando nalihifadhi hivi: napakua video usiku, ubora wa picha si chini ya 480p, kwa sababu kwenye 144p vidole vinakuwa ukungu. Kisha naitazama kwa kasi ya 0.5, na pale penye siri 0.25.

Sasa nimeanza vikombe vitatu na mipira, mchezo wa kale sana. Seneca, mwandishi wa Roma, aliutaja karne ya kwanza, enzi hizo ukichezwa kwa kokoto. Nilipata mafunzo mawili mazuri sawasawa. Mmoja anatumia vikombe vya shaba vilivyoundwa kwa kazi hiyo, mwingine anatumia vikombe vya kawaida vya kunywea na mipira ya karatasi iliyokunjwa. Nimemchagua wa pili. Nimenunua vikombe vitatu vya bati soko la Kibuye, vya plastiki ni vyepesi na huanguka, na nimevitandikia ule mkeka wa mpira ninaofungulia simu ili visigonge kioo. Niko kwenye mpira mmoja bado. Wa pili nitauongeza yule wa nguzo akishindwa kujua ulipo.