Ijumaa moja na vijana wa sherehe za usiku

Saa tatu asubuhi. Kazi ya usiku hufanywa mchana, nikiwaambia watu hawaamini. Nawasimamia vijana wanaoandaa sherehe za muziki hapa Nairobi. Hela za kuwapa sina. Nakaa nao mezani mpaka mambo yaeleweke. Leo ni wasichana watatu na mvulana mmoja, usiku wao wa kwanza, ukumbi wa kukodi kando ya Ngong Road.

Makaratasi kwanza: leseni za muziki, kibali cha kaunti, barua ya kituo cha polisi. Halafu kelele. Kwa kanuni za 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, usiku huanza saa mbili na dakika moja, na kwenye makazi ya watu kikomo ni desibeli 35. Friji kuukuu inapita hapo. Kwa hivyo spika zinageuzwa zielekee upande wa gereji, si upande wa fleti.

Saa tano, bango. Wameandika "Wanawake bure kabla ya saa nne." Nawaambia wafute.

"Lakini Auntie, kila mtu hufanya hivyo."

Najua. Ukishamwingiza msichana bure, umemfanya chambo cha wanaume wanaolipa, na kuna atakayeingia akidhani anamdai kitu. Tumebishana karibu saa nzima. Mweka hazina wao ndiye aliyemaliza ubishi kwa kikokotoo: shilingi mia tatu kwa kila mtu, na hesabu inasimama.

Saa nane tuko ukumbini na kiti cha magurudumu cha kuazima. Mvulana wetu anakalia, tunamwacha ajisukume. Ngazi mbili za mlangoni fundi atazimaliza kwa mbao. Chooni anakwama; magurudumu yanagonga fremu pande zote mbili, anajaribu kuingia kinyumenyume, wapi. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote pa umma. Mwenye ukumbi ananiangalia kama namsomea hukumu, kisha anakumbuka choo cha wafanyakazi nyuma ya jikoni, mlango mpana. Ufunguo tunaondoka nao.

Saa kumi, mabaunsa. Hapa ndipo mimi hukawia, maana bango linaweza kukaribisha dunia nzima na mtu mmoja mlangoni akaifukuza. Nawakalisha juu ya kreti za soda.

"Msichana akija peke yake, mnamuuliza nini?"

"Yuko na nani."

"Na mwanaume akija peke yake?"

Wanatazamana, mmoja anacheka. Tunaendelea: mwenye hijabu aliyekuja kucheza na kunywa maji ya matunda, kijana wa kiume mwenye hereni na kucha za rangi, kiziwi asiyesikia akiitwa. Wanawake watapekuliwa na mwanamke, hilo halina mjadala. Kisha tunaigiza. Msichana mmoja anatoka nje, mwingine anajifanya mlevi anayemfuata. Baunsa mkubwa kuliko wote anamtazama tu akipita.

"Mbona hukufanya kitu?"

"Madam, mimi hulipwa kuzuia watu, si kuwasindikiza."

Amesema kweli, na kosa si lake. Tunaongeza kwenye makubaliano nusu saa baada ya muziki kuzimwa, na malipo yake, asimame pale matatu zinapopakia.

Milango inafunguliwa saa kumi na mbili jioni, muziki unazimwa saa sita. Kuna wanaocheka ratiba hiyo. Vijana hawa walikuwa shuleni wakati wa kafyu ya korona, Machi 2020 hadi Oktoba 2021, na hawaoni aibu kusherehekea mapema. Sherehe ya mpaka alfajiri huwafaa wenye magari na waliolewa wakalala mezani. Anayekaa mtaa wa mbali kama Umoja anawaza nauli kabla hajafika kwenye dansi.

Jioni yenyewe sina mengi ya kusema. Watu walikuja, wakacheza. Dijei alipandisha sauti, akashushiwa.

Saa sita na nusu. Matatu ya Umoja imejaa na kuondoka. Ya Rongai ina viti sita vitupu, na dereva anasema hatoki bila kujaza. Mweka hazina anahesabu pesa za mlangoni, analipia vile viti.

"Auntie, niandike hii wapi?"

"Gharama za sherehe, chini ya soundi."

Anaandika, dereva anawasha gari.