Siku moja maishani mwangu: kuhesabu chembe nyeupe

Saa kumi na moja alfajiri nipo kituo cha daladala, saa moja kasoro nimeshavaa koti. Nafanya kazi maabara ya hospitali moja hapa Mwanza, kitengo cha damu. Ukisema maabara watu wanafikiria malaria na taifodi, basi. Mimi sehemu kubwa ya siku yangu inaishia kwenye chembe nyeupe za damu.

Saa moja mpaka saa tatu ni kuwasha mashine, kuihakiki, kupokea vichupa vya kifuniko cha zambarau na kurudisha vilivyoganda. Leo vinne. Maana yake watu wanne wanachomwa sindano upya, na lawama ni zetu.

Saa tatu na nusu mashine inatoa jibu la mtoto wa miaka sita: chembe nyeupe 38,000. Mwanafunzi aliye mazoezini akashtuka, "Dada, hii si saratani ya damu?" Nikamwambia tuangalie kioo kwanza, tone la damu lililotandazwa kwenye kipande cha kioo. Mtoto ana selimundu. Uboho wake, yaani kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa, unahangaika kufidia damu inayovunjika, unatoa chembe nyekundu ambazo hazijakomaa, bado zina kiini, na mashine ikiona kiini inazihesabu kama nyeupe. Kwenye darubini nikakuta hizo 60 kwa kila nyeupe 100. Ukipiga hesabu zinabaki 23,750. Bado ziko juu, lakini nyingi ni neutrofili, aina ya chembe nyeupe, zilizokomaa, za mwili unaopigana na maambukizi. Chembe nyeupe zikipanda, mara nyingi ni kwa sababu za namna hiyo. Nawaomba sana msimtangazie mtu saratani kwa namba moja ya kwenye karatasi.

Saa tano akaja mzee dirishani.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. "Damu ya mwanangu mmeipeleka wapi? Waliokuja nyuma yake wameshaondoka na majibu."

Damu ya mwanawe ilikuwa mbele yangu. Kijana wa miaka 34, ametibiwa malaria mara tatu, anakonda, tumbo limejaa upande wa kushoto. Mashine ilitoa nyota mahali pa namba, yaani chembe zimezidi uwezo wake wa kuhesabu. Nikaizimua damu kwa maji ya chumvi ya maabara, nikapima tena, nikazidisha: 212,000. Mtu mzima wa kawaida ana kama 4,000 hadi 11,000. Kioo cha kwanza hakikusomeka, chembe zilirundikana. Nikatandaza kingine, chembamba zaidi, nikamwaga rangi, umeme ukakatika. Jenereta ikachelewa. Mzee akarudi. Umeme ukarudi, nikaanza kuhesabu, mzee akarudi tena, safari hii anagonga dirisha.

"Nyie mnakaa humo mnapiga stori, wagonjwa wanakufa huku nje!"

Iliniuma. Tangu asubuhi sijanywa hata chai. Na nilichokuwa nakiona siruhusiwi kumwambia. Jibu la namna hii linapitia kwa daktari. Ilikuwa kama shule imefunguliwa milango, watoto wa awali mpaka wa darasa la saba wamemwagika uwanjani pamoja. Chembe changa ambazo mahali pake ni ndani ya uboho zilikuwa zinatembea kwenye damu, za kila umri. Basofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, ambazo kwa kawaida hazizidi moja au mbili kwenye 100, zilikuwa tisa. Nikahesabu 100, nikaanza upya, nikahesabu nyingine 100.

"Mzee wangu," nikamwambia, "naiangalia kwa macho yangu mwenyewe. Sitaki kukosea."

Akanyamaza. Kisha kwa sauti ya chini: "Kwani umeona nini, binti?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia daktari atawaita.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Daktari alishuka mwenyewe, akakaa kwenye darubini, akaandika rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando: anashuku lukemia sugu ya mayeloidi, aina ya saratani ya damu. Huko mbele kipimo cha vinasaba kitatafuta kama kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande, kasoro ambayo alama yake ilionekana mara ya kwanza Philadelphia mwaka 1960. Kwa ugonjwa huu kuna imatinib, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001, na wapo wanaokimeza kila siku wakaishi miaka mingi, wakalea watoto wao. Ndiyo maana nilikaa na kile kioo. Kijana huyu alikuwa anarudishwa nyumbani na dawa za malaria, na kila mara bandama lake linazidi kuvimba.

Vichupa vya mchana, vya wodi ya watoto, vya upasuaji, vyote vikapita mikononi mwangu, shingo inauma, macho yanawasha. Natoka jua linazama. Getini wamekaa wawili, kijana ameshika tumbo, mzee ameshika bahasha. Nikataka kupita kimya.

"Binti, ndiye wewe uliyekuwa unahesabu?"

"Ndiyo, mzee."

Akanitazama kwa muda.

"Marahaba," akasema.