Datsun 240Z Tabora, kumbukumbu ya nane: lita 34 zimeshuka hadi 25, na mwizi alikuwa waya wa choki

Nimetoka sheli sasa hivi. Mikono bado inanuka petroli, lakini naandika kabla sijaoga, maana namba hizi nazisubiri tangu Machi. Kilomita 217, lita 25.2. Yaani kilomita 8.6 kwa lita moja. Mzunguko huohuo, Urambo kwenda na kurudi pamoja na safari zangu za kazini za wiki nzima, mwezi wa nne ulinilia lita 34.4. Kwa bei ya petroli ya huku, karibu shilingi elfu tatu kwa lita, hiyo tofauti ni zaidi ya elfu ishirini na saba kwa wiki. Kwa mtu ambaye hili ndilo gari lake la kila siku, hiyo ni ada ya mtoto.

Kwanza nisahihishe kosa la kumbukumbu zilizopita. Kote nimekuwa nikiandika 6.7 kwa lita. Si kweli, ilikuwa 6.3. Gari lilitoka kiwandani na tairi za 175 za rimu 14, mimi nimefunga 185/65 kwa kuwa ndizo zilizopo madukani. Tairi hizi ni fupi, kipenyo chake ni kama milimita 596 badala ya 635, kwa hiyo zinazunguka mara nyingi zaidi na odomita, saa ya kuhesabu kilomita, inahesabu kilomita ambazo gari halijatembea. Nililinganisha na GPS ya simu njia nzima ya Urambo: kila kilomita 100 za kweli, odomita inasema 106 na kitu. Sasa nagawanya namba zote kwa 1.066 kabla sijaandika chochote. Mtu akikwambia gari lake la zamani linakwenda kilomita kumi kwa lita, muulize kwanza amefunga tairi gani.

Sasa ule ugonjwa wenyewe.

Wiki kumi na moja nimepigana na kitu kimoja: kila nikirekebisha kabureta Jumamosi, gari linakuwa zuri. Sailensa, yaani muungurumo wa gari likiwa limesimama, imetulia, moshi hakuna, harufu ya petroli hakuna. Jumapili nzima zuri. Jumatatu asubuhi nikilitoa nyumbani Ipuli kwenda mjini, kufika katikati ya wiki limerudi kulekule, linabugia. Jumamosi nafungua tena, naona kila kitu kiko sawa. Kuna usiku nililala nikiota pistoni za kabureta.

Nilianza kulaumu mwinuko. Tabora tupo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 11. Kabureta zangu mbili, Hitachi, ni ndugu wa zile za SU za Kiingereza: pistoni inapanda kufuata hewa inayopita, sindano inapanda nayo, mafuta yanafuata. Lakini kabureta haijui kupima uzito wa hewa. Iliyopangwa pwani ikija huku inatoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Nozeli, kile kibomba cha mafuta ambamo sindano inakaa, hupandishwa na kushushwa kwa nati, na ikipanda mafuta yanapungua; mimi nilikuwa nimeiacha nati kwenye mizunguko miwili na nusu ya kitabu. Nikapandisha nozeli mpaka mzunguko mmoja na robo tatu, mbele na nyuma. Ikasaidia, lakini kidogo tu, halafu katikati ya wiki ulevi ukarudi.

Nikahamia kwenye moto, yaani umeme wa kuwasha petroli. Pointi mpya, kondensa mpya. Mpira wa vakyumu wa distribyuta niliunyonya kwa mdomo nikiwa nimefungua kifuniko, sahani ikasogea na ikakaa pale nilipozuia kwa ulimi. Mzima. Boya za kabureta zote mbili nikazipima, sawa. Breki nikanyanyua gurudumu mojamoja na kuzungusha kwa mkono, hakuna inayoshika.

Hapo katikati fundi mmoja, mtu wa heshima kwangu na aliyenifundisha mengi, akanishauri nichomoe sindano nizisugue kwa msasa laini ili "zibane mafuta". Shikamoo yake nampa kila siku, lakini kwa hili nilikataa na nitaendelea kukataa. Sindano inakaa ndani ya tundu la nozeli, na mafuta yanapita kwenye uwazi uliobaki pembeni. Ukiisugua inakuwa nyembamba, uwazi unaongezeka, mafuta yanaongezeka. Ukitaka kubana unahitaji sindano nene zaidi, na msasa haujawahi kunenepesha kitu. Wako watu wameharibu sindano za asili kwa ushauri huu, na sindano hizo huzipati Tabora, wala Mwanza, wala Dar kirahisi.

Kilichonifungua macho ni plagi. Nimekuwa nikizisoma vibaya. Nilikuwa nazitoa nyumbani, baada ya foleni ya bodaboda na kuungurumisha uani, na plagi ya namna hiyo inakueleza habari za uani. Safari hii nilikuwa barabara ya Urambo, nimepita Ndono, njia imenyooka na haina mtu. Nikashika mwendo wa themanini dakika kama kumi, nikakanyaga klachi, nikazima injini papo hapo, nikaserereka hadi pembeni. Nikazichomoa zote sita zikiwa za moto nikazipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wake. Namba moja, mbili, tatu: kahawia, rangi ya ugali wa muhogo ulioungua kidogo. Nne, tano, sita: nyeusi, masizi matupu, dalili ya mafuta kuzidi.

Tatu za mbele zinalishwa na kabureta ya mbele, tatu za nyuma na ya nyuma. Nilikaa pale chini ya mti nikizitazama. Kumbe nusu ya injini yangu ilikuwa na afya muda wote.

Nikaingia chini ya boneti palepale na tochi. Choki, ule mkono unaouvuta kuongeza mafuta injini ikiwa ya baridi, kwenye gari hili haifungi hewa kama kabureta nyingine, inavuta nozeli kushuka ili sindano iachie mafuta mengi. Ukirudisha mkono wa choki, springi ndiyo inayopandisha nozeli. Na waya ni wawili, kila kabureta na wake. Nozeli ya mbele ilikuwa juu kabisa imegusa nati. Ya nyuma ilikuwa inaning'inia, milimita moja na nusu hivi, huenda mbili. Nikaisukuma kwa kidole, ikapanda na kukaa.

Na hapo ndipo nilipoelewa Jumamosi zangu zote. Asubuhi za Juni na Julai huku zina baridi ya kweli, navuta choki kila siku ya kazi. Waya wa nyuma una kutu ndani ya ganda lake, pale unapopinda kwenye ukuta wa injini, maana gari lilikaa miaka mingi chini ya mwembe wa marehemu baba mdogo likinyeshewa. Springi haina nguvu ya kuuvuta. Jumamosi, kila nilipotaka kugusa nati, kitu cha kwanza nilichofanya ni kusukuma nozeli juu kwa kidole. Yaani mkono wangu mwenyewe ulikuwa unauponya ugonjwa kabla jicho halijauona.

Waya mpya wa choki ningeagiza nje na kusubiri miezi. Tabora ni mji wa baiskeli. Nimekwenda duka la spea za baiskeli nikanunua waya wa breki ya nyuma na ganda lake, wa nyuma kwa sababu wa mbele haufiki. Nikapaka grisi, nikaupitisha kwa mpindo mpana kuliko wa zamani, nikaacha ulegevu kidogo mwishoni. Sasa choki ikirudi unasikia nozeli inagonga, tak! Nimefanya vivyo hivyo kwa kabureta ya mbele ingawa haikuwa na kosa. Baada ya hapo nimesawazisha hewa ya kabureta mbili kwa mrija wa mpira sikioni. Kile kidude cha kupimia hewa, chenye kiboya ndani ya kioo, ninacho, nimekirudisha kabatini, kinaziba hewa kiasi cha kubadilisha kilekile unachokipima. Sikio na mrija vinatosha, ukitulia.

Gari hili watu wanalikumbuka kwa mbio za Safari Rally, walizoshinda nalo Herrmann na Schüller 1971 na Shekhar Mehta 1973, na kila mzee akiliona ananiambia hivyo. Mimi nalipenda kwa hilo pia. Ila lita 11.6 kwa kilomita mia, silinda sita, cc 2,393, umri wa zaidi ya miaka hamsini, nikienda nalo kazini kila siku, kwangu ndio ushindi.

Mpango wa mwezi huu ulikuwa bodi, kutu ya chini ya milango. Nimeuahirisha. Hesabu ya tairi imeniingia kichwani: tairi fupi maana yake injini inazunguka zaidi kwa karibu asilimia 7 kwa mwendo uleule, na giaboksi yangu ni ya gia nne. Tairi za 195/70 zinakaribia sana kipenyo cha kiwandani, milimita 628. Leo mchana nimegeuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, nimepima nafasi ya ndani kwa rula nione kama zitaenea, upande wa kushoto kuna ukingo wa bodi umekaa karibu mno. Kesho naupima tena gari likiwa na watu wawili ndani.